Mfumuko umeshuka, bei hazijashuka: hasira ya mlaji ielekezwe wapi?

Tangazo likitoka kwamba mfumuko wa bei umeshuka, mtu aliyetoka supamaketi na mfuko mwepesi hulisikia kama tusi. Anajua alichotoa mfukoni. Kwa miaka kadhaa sasa, nchi baada ya nchi, matangazo ya aina hiyo yamepokewa kwa hasira ile ile: walaji wanasema takwimu zimepikwa, wataalamu nao wanasema walaji hawajui hesabu. Pande zote mbili zimekosea, na kosa lao linatugharimu. Msimamo wangu ni kwamba hasira ya mlaji ina msingi, kwa sababu inapima jambo ambalo takwimu ya mwezi haikuundwa kulipima. Ila ikishageuka kuwa madai, mara nyingi huangukia mahali pasipo na fedha nyingi, yaani faida ya supamaketi, na huomba dawa isiyotibu, yaani serikali kupanga bei. Huku nyuma, pale ambapo mlaji anapunjwa kweli hapaguswi.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ndiyo inayozua ugomvi. Chukua bidhaa ya 100. Mwaka wa kwanza inapanda kwa asilimia 19, inakuwa 119. Mwaka wa pili inapanda kwa asilimia 4 tu, inafika karibu 124. Mtakwimu atasema mfumuko umeporomoka kutoka 19 hadi 4, na atakuwa amesema kweli. Mnunuzi atasema bei imepanda tena, naye atakuwa amesema kweli. Mfano huu una mwenyewe: Uingereza, Machi 2023, bei za vyakula zilikuwa juu kwa zaidi ya asilimia 19 kuliko mwaka mmoja nyuma, kasi ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 40, kufika Machi 2024 kasi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 4. Gari likipunguza mwendo halirudi lilikotoka, linaendelea mbele pole pole. Benki kuu nyingi hulenga mfumuko wa asilimia 2 au karibu na hapo, kwa hiyo hata mambo yakienda kama yalivyopangwa, bei zitazidi kupanda kidogo kidogo. Hakuna benki kuu inayolenga kuturudisha kwenye bei za 2019, na zipo sababu: mara nyingi bei zikishuka kwa ujumla, kama ilivyotokea mwanzoni mwa miaka ya 1930, ajira na mishahara huporomoka pamoja nazo. Kwa mlaji, maji yaliyokwisha kumwagika hayazoleki. Ni habari mbaya, lakini ni heri kuambiwa waziwazi kuliko kupongezwa kila mwezi kwa nafuu ambayo haionekani kwenye risiti.

Swali linalofuata ndilo gumu zaidi. Kipimo cha bei za vyakula duniani kinachotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kilifika kilele Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Nchi zile mbili ni wauzaji wakubwa wa ngano na mafuta ya alizeti, na Urusi pia huuza mbolea na gesi. Baada ya hapo kipimo kilishuka sana, na wastani wa 2023 ulikuwa chini kabisa ya kilele hicho. Mbona basi bei za rafuni hazikushuka nacho? Sehemu ya jibu haina hila. Ngano iliyo ndani ya mkate ni sehemu ndogo ya bei ya mkate. Kinachobaki ni umeme wa tanuri, mafuta ya lori, mfuko, pango la jengo, na mshahara wa anayeoka na anayeuza. Nchini Marekani, kwa hesabu za Wizara ya Kilimo ya huko, katika kila dola moja inayotumika kununua chakula, mkulima hupata chini ya senti 20. Mazao yakishuka bei kwa theluthi moja, gharama nyingine zote zikibaki juu, rafuni hutaona theluthi. Utaona kidogo mno, pengine usione kitu.

Sehemu ya pili ya jibu ina hila. Mwaka 1991 mchumi Robert Bacon, akichunguza bei ya petroli Uingereza, alieleza tabia ya bei kwa roketi na unyoya: gharama ikipanda, bei hufyatuka, gharama ikishuka, bei huteremka ikielea. Mwaka 2000 mchumi mwingine, Sam Peltzman, alionyesha kwamba tabia hiyo haiko kwenye petroli peke yake, bali katika bidhaa nyingi za viwandani na za madukani. Kwangu hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kila muuzaji ana haki ya kupandisha bei gharama inapompanda. Ila kipindi kile cha kuelea, miezi ambayo gharama imeshuka na bei haijafuata, kuna mtu anapokea tofauti, na tofauti hiyo anailipa mnunuzi asiyejua kwamba unga au mafuta yamekwisha kushuka bandarini.

Wapo wanaosema hasira hii ni ya kichwani tu. Hoja yao si ya kipuuzi. Vyakula tunavinunua kila wiki, kwa hiyo bei zake tunazikumbuka kuliko ya jokofu tulilonunua mara moja katika miaka kumi. Vilevile utafiti wa Stefanie Stantcheva wa Chuo Kikuu cha Harvard umeonyesha kwamba mtu akiongezwa mshahara huona ni jasho lake, lakini bei ikipanda huona kaporwa, hata kama vyote viwili vimetokana na mfumuko huo huo. Wanaongeza kwamba katika nchi kadhaa wastani wa mishahara umekwisha kuzifikia bei. Yote haya ni kweli, na yote hayatoshi. Wastani wa mishahara hauingii kwenye foleni ya malipo. Anaingia mtu, na mtu huyo anaweza kuwa na mshahara ambao haujaguswa tangu kabla ya janga la korona. Hata wastani wa bei unaficha jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo baya kuliko yote na linalozungumzwa kidogo kuliko yote: bidhaa za bei ya chini ndizo zilizopanda kwa kasi kubwa zaidi. Wachumi Alberto Cavallo na Oleksiy Kryvtsov walifuatilia bei za vyakula katika nchi 10 kati ya 2018 na 2024, wakalinganisha aina ya bei nafuu na aina ya bei ghali ya kitu kile kile. Nafuu ilipanda kwa kasi ya mara 1.3 hadi 1.9 ya ghali. Waliochunga fedha zao kwa kuhamia aina ya chini walikuta nayo imeinuliwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wastani wa kitaifa huwatia wote wawili katika namba moja.

Niliwahi kuwa nyuma ya mama mmoja kwenye foleni. Vitu vyake vilikuwa vichache, kila kimoja cha aina ile isiyo na jina wala picha nzuri, ile inayowekwa rafu ya chini kabisa. Kijana wa malipo alimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, imezidi. Nitoe kipi?" Akajibu, "Toa mafuta, mwanangu." Akasita. "Hapana, acha mafuta. Toa sabuni." Sote tulitazama kando kumsitiri. Aliye rafu ya katikati bei ikimshinda huteremka. Aliyekwisha kufika rafu ya chini hana pa kuteremkia, anaanza kutoa vitu.

Sasa tuiangalie hoja ya walaji wenyewe, kwamba kinachotuumiza ni ulafi wa supamaketi. Nayo ina ushahidi wake, tena mzito. Nchini Kanada, kampuni ya supamaketi ya Loblaw na kampuni mama yake, George Weston, zilikiri mwaka 2017 kwamba zilishiriki katika njama ya kupanga bei ya mkate iliyodumu miaka zaidi ya 10, na mwaka 2023 kampuni ya kuoka ya Canada Bread ikatozwa faini ya dola milioni 50 za nchi hiyo. Marekani, Tume ya Biashara, FTC, ilitoa ripoti Machi 2024 ikionyesha kwamba mapato ya wauzaji wa vyakula yalizidi gharama zao kwa zaidi ya asilimia 6 mwaka 2021 na asilimia 7 katika miezi tisa ya kwanza ya 2023, wakati kilele cha awali kilikuwa asilimia 5.6 mwaka 2015. Australia, ambako supamaketi za Woolworths na Coles zinashika kama theluthi mbili ya soko, tume ya ushindani ilizipeleka kampuni hizo mahakamani Septemba 2024 ikizituhumu kwamba ziliinua bei kwa muda mfupi, kisha zikazishusha kidogo na kuziita punguzo.

Lakini weka pembeni yake ushahidi wa Uingereza. Mamlaka ya ushindani ya huko, CMA, ilichunguza mwaka 2023, wakati hasira imepamba moto, ikakuta kwamba faida ya uendeshaji ya supamaketi ilikuwa imeshuka kutoka wastani wa asilimia 3.2 ya mauzo hadi asilimia 1.8. Tuseme supamaketi hizo zingeamua kuwa za hisani na kuachia kila senti ya faida: kikapu cha 100 kingekuwa 98. Mama yule wa foleni angerudishiwa sabuni, pengine. Miezi michache baadaye CMA hiyo hiyo iligeukia upande wa juu wa mnyororo, ikakuta kwamba katika bidhaa ilizozichunguza, kama maziwa ya watoto wachanga na maharage ya kopo, wazalishaji wenye majina makubwa kama robo tatu walikuwa wameongeza faida kwa kila kipande walichouza. Fedha zilikuwa zimekaa hatua moja nyuma ya duka, mahali ambapo mnunuzi hafiki na hasira yake haifiki.

Ndiyo maana neno "ulafi" halinisaidii kueleza kilichotokea. Mfanyabiashara wa 2019 hakuwa mtawa. Alitaka faida kama anavyoitaka wa leo, na bado bei zilitulia, kwa sababu akipandisha peke yake wateja walihamia kwa jirani. Gharama zilipopanda kwa wote kwa wakati mmoja, kila mmoja alipata kisingizio cha kupandisha bila hofu, na baadhi wakapandisha kupita gharama. Kilichobadilika ni kizuizi. Penye washindani wengi kizuizi hurudi upesi. Penye wawili watatu huchelewa, au hakirudi. Ukiishia kusema "ni walafi" utabaki na matusi. Ukiuliza nani hana mshindani, katika hatua ipi ya safari ya bidhaa, utakuwa na jambo la kudai kwa mamlaka yenye meno.

Dai dhaifu kuliko yote, kwa mtazamo wangu, ni lile linalopigiwa makofi zaidi: serikali ipange bei. Hungaria ilijaribu. Februari 2022 ilifunga bei za vitu sita, vikiwamo sukari, unga wa ngano, mafuta ya alizeti na maziwa, na Novemba ikaongeza mayai na viazi. Kufika mwisho wa mwaka ule bei za vyakula nchini humo zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 40, kasi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Umoja wa Ulaya. Siwezi kuibebesha amri ile lawama yote; ukame na kushuka kwa sarafu vilichangia. Lakini njia iliyopita hasara ilionekana: duka lililolazimishwa kuuza sukari kwa hasara lilijifidia kwenye jibini na mkate, wateja wakawekewa kikomo cha pakiti, na hata benki kuu ya nchi hiyo ikasema hadharani kwamba utaratibu ule unachochea mfumuko. Agosti 2023 ulifutwa. Wanaotetea bei za amri husema angalau maskini hupata sukari. Hupata, siku ikiwepo. Ila maskini hali sukari peke yake, na kile alichoongezewa kwenye vitu vingine hakijaandikwa kwenye tangazo la serikali.

Kususia nako kunahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo silaha pekee iliyo mikononi mwa mlaji mwenyewe. Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2025 wananchi wa Kroatia waliacha kununua chochote madukani kwa siku moja, na idadi ya risiti ilianguka karibu nusu ikilinganishwa na Ijumaa iliyotangulia. Wimbi likaenea hadi Bosnia, Serbia, Montenegro na Makedonia Kaskazini. Nililishangilia. Lakini mtu akisusia duka lote kwa siku moja, unga anaouacha Ijumaa ataununua Jumatatu, na mwenye duka anajua kusubiri. Linganisha na Israeli, Juni 2011. Huko waliteua kitu kimoja, jibini laini inayoliwa karibu kila nyumba, iliyokuwa imepanda sana tangu udhibiti wa bei ulipoondolewa mwaka 2006. Hawakususia siku moja. Waliiacha rafuni mpaka iteremke, na bei ilianguka kwa takribani robo, kisha ikakaa chini kwa miaka. Mgomo ule ulifanikiwa kwa sababu kila mtu alijua bidhaa ipi, ya nani, na bei gani ingemrudisha. Mgomo wa jumla una sauti kubwa, lakini hauna mtu mmoja unayemtaka ajibu.

Na ili ujue bidhaa ipi, sharti uweze kuiona bei yenyewe. Hapa ndipo mlaji anapopunjwa waziwazi na bado hapapigiwi kelele. Nyumbani nina kopo la biskuti ninaloweka sindano na nyuzi, la miaka michache iliyopita. Limeandikwa gramu 500. Nililonunua karibuni lina upana ule ule, kimo kile kile, rangi zile zile, ila ukilipindua unakuta kitako kimeinuliwa kwa ndani, na pembeni, kwa herufi za kutafuta kwa kidole, gramu 430. Hata kama bei ingekuwa ile ile, kila gramu ingekuwa imepanda kwa asilimia 16. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hapa anayechovya ni mtengenezaji. Ofisi za takwimu, kwa haki, hufanya hesabu ya uzito na kulihesabu hilo kama kupanda kwa bei. Aliyenyimwa hesabu ni mnunuzi, aliyesimama mbele ya rafu na mtoto mkono mmoja na kikapu mkono wa pili.

Ufaransa imeonyesha njia. Septemba 2023 supamaketi za Carrefour zilibandika matangazo kwenye bidhaa 26 ambazo watengenezaji walipunguza ujazo bila kupunguza bei, na tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria inayataka maduka makubwa nchini humo yabandike onyo la namna hiyo kwa miezi miwili. Umoja wa Ulaya nao, tangu agizo la 1998, unataka bei ya kila kilo au lita ionyeshwe kando ya bei ya pakiti. Wapo watakaosema hivi ni vibandiko tu, havishushi bei. Ni kweli kwamba kibandiko hakilimi ngano. Lakini ushindani ambao wachumi wanautegemea kutulinda hauwezi kufanya kazi ikiwa mnunuzi hawezi kulinganisha gramu 430 za huyu na gramu 475 za yule kwa sekunde tano alizonazo. Ile roketi na ule unyoya vinaishi katika ukungu huo huo. Bei ya kilo ikiandikwa kwa herufi kubwa, kwa kipimo kile kile kwa kila bidhaa ya aina moja, mama wa rafu ya chini anapata kitu ambacho hakuna amri ya bei iliyowahi kumpa: uwezo wa kujua ni nani anayempunja.

Dai hili lina haraka, kwa sababu rafu yenyewe inabadilika. Vibandiko vya karatasi vinaondolewa na kuwekwa vya kielektroniki, ambavyo bei yake hubadilishwa kutoka ofisini kwa kubonyeza kitufe. Pia bidhaa nyingi zina bei mbili, moja ya mwenye kadi ya uanachama na nyingine ya asiye nayo. Sitaki kuzua hofu: CMA ilipochunguza bei za kadi Uingereza mwaka 2024 ilikuta asilimia 92 ya punguzo hizo ni za kweli zikilinganishwa na bei ya kawaida ya duka lile lile. Lakini bei inayoweza kubadilika mara tatu kwa siku, na kuwa tofauti kwa watu wawili waliosimama bega kwa bega, haina kumbukumbu isipokuwa ndani ya kompyuta ya muuzaji. Mamlaka za ushindani zinapaswa kupewa kumbukumbu hiyo sasa, ya rafuni na ya kiwandani, ili siku gharama zitakaposhuka tena ihesabiwe ni wiki ngapi bei ilibaki juu, na tofauti ilibaki kwa nani. Na siku mfumuko utakapotangazwa, pembeni ya asilimia ya mwezi iwekwe namba ya pili: kikapu cha 2019 leo ni kiasi gani, na mshahara wa kima cha chini unakinunua mara ngapi.